Kabla ya Rangi: Mwaka, Maji na Kivuli katika Diorama

Diorama nyingi, yaani mandhari ndogo za modeli, zinazotengenezwa huku kwetu magharibi mwa Kenya hazina upungufu wa ustadi. Nimewahi kuonyeshwa kibanda cha skeli ya 1:35, yaani kilichopunguzwa mara 35, ambacho mlango wake ulifunguka kwa bawaba za waya, kikiwa na sufuria jikoni na kalenda ukutani, na bado, baada ya kukitazama kwa muda mfupi, nikahisi kwamba hakuna mtu aliyewahi kukiingia. Rangi ilikuwa nzuri na vipimo vilikuwa sahihi. Lakini vitu vilikuwa vimepangwa kwa kuwa vinapendeza, na hapakuwa na tukio lolote, la mvua, la jua au la mkono wa binadamu, lililoweza kueleza kwa nini kila kimoja kilikuwa pale kilipokuwa. Katika makala haya nataka kutetea rai moja: kwamba kusadikika hutangulia uhalisia, na kwamba mjenzi anayejua mwaka wa mandhari yake, njia ya maji na mahali kivuli kinapoangukia atasamehewa rangi duni, ilhali mwenye rangi bora kabisa asiyeyajua mambo hayo hatasamehewa.

Nifafanue kwanza ninachojenga. Mandhari yangu karibu yote ni ya Kisumu na maeneo yanayoizunguka, kutoka Dunga hadi Kibos, na mengi nimeyajenga kwa skeli ya 1:35. Skeli hiyo haikuteuliwa kwa hekima yoyote kuu: kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa kifaru chake cha Panther mwaka 1961, ukubwa wake ulitokana na nafasi iliyohitajika kuingizia mota na betri, na ulimwengu wa modeli za kijeshi ukafuata. Kwetu ina faida moja ya wazi, kwamba Land Rover za skeli hiyo zinapatikana, na Land Rover ni gari ambalo halihitaji kutafutiwa sababu ya kuonekana katika barabara yoyote ya Kenya. Mtu wa kimo cha sentimita 170 huwa na milimita 48 na nusu. Ubao wa sentimita 30 kwa 40, ambao wengi huanza nao, ni kiwanja cha mita 10 na nusu kwa 14, yaani uwanja wa kibanda kimoja na nafasi ya kuegesha mkokoteni. Hesabu hiyo peke yake ingezuia maafa mengi, kwa maana nimeona ubao wa ukubwa huo ukibebeshwa ajali ya bodaboda, harusi, mhubiri mwenye kipaza sauti na mafahali wawili wanaopigana.

Msongamano wenyewe hauna ubaya ukiwa na sababu. Carl Akeley, Mmarekani aliyebadilisha kabisa namna makumbusho yanavyoonyesha wanyama, alifariki mwaka 1926, na ukumbi unaoitwa kwa jina lake katika American Museum of Natural History, New York, ukafunguliwa mwaka 1936 ukiwa na diorama 28. Mojawapo inaonyesha wanyama wa aina mbalimbali waliokusanyika kunywa maji kando ya mto Guaso Nyiro, hapa hapa Kenya. Kiu ndiyo iliyowaleta pamoja, na mtazamaji hahitaji kuambiwa. Wachukue wanyama wale wale uwasimamishe nyikani bila maji, nao watageuka kuwa orodha. Kwa hiyo mtu anayetaka umati katika sentimita 40 na atafute kisima chake: bomba la maji la mtaa, mwanya wa ukuta ambamo kila mtu hukatisha, au saa ya mashua kufika ufukoni.

Sasa mwaka, ambao husahaulika kwa urahisi kuliko yote. Mtu akiniambia kwamba anajenga mtaa wa Kisumu humwuliza ni Kisumu ya lini, na mara nyingi jibu huwa ni Kisumu tu. Lakini kibanda cha kijani cha wakala wa M-Pesa hakiwezi kuwapo kabla ya Machi 2007, huduma hiyo ilipozinduliwa. Matatu yenye mstari wa manjano ubavuni ni ya baada ya kanuni za mwaka 2004, zile zilizobaki midomoni mwa watu kwa jina la waziri John Michuki. Uchore mstari huo kwenye gari la mwaka 1998, na kila aliyepanda matatu enzi hizo atakushtukia kabla hajaziona taa ulizozitengeneza kwa mikesha. Pikipiki za bodaboda zilifurika mwishoni mwa miaka ya 2000, baada ya serikali kupunguza kodi yake, na kabla ya hapo Kisumu ilikuwa mji wa baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma. Kisha kuna mifuko ya plastiki. Hadi tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ilipoanza kutekelezwa, ilikuwa vigumu kupata ua wa michongoma karibu na soko usiokuwa na mifuko iliyonasa, mingine myeusi, mingine ya mistari ya samawati iliyochakaa ikawa nyuzi. Anayejenga kando ya soko la Kibuye mwaka 2010 na kuacha ua wake ukiwa safi amekosea tarehe, na anayejenga mwaka 2022 akaujaza mifuko amekosea vilevile.

Ziwa nalo lina kalenda yake. Gugumaji lilienea katika Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990, hivyo gati la mwaka 1965 lililozungukwa na mkeka wa majani ya kijani ni kosa hata kama kila jani limekatwa kwa mkono. Mbuta (sangara) aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 lakini hakutawala mpaka miaka ya 1980. Karai la muuza samaki wa wakati wa Uhuru linapaswa kuwa na ngege, samaki wa asili wa ziwa hilo. Wavuvi wa omena (dagaa) waliobeba karabai si wale wanaobeba taa za betri zinazochajiwa kwa sola. Hata ukingo wa maji si wa kudumu: ziwa lilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2020 likarudi kwenye kiwango kilicholingana na kile cha 1964, likafunika vibanda na njia ambazo kizazi kizima kilidhani ni nchi kavu.

Katika miaka ya 1940 kule Marekani, Frances Glessner Lee alitengeneza vyumba vidogo vya skeli ya 1:12 vilivyoonyesha mahali pa vifo, ili wapelelezi wajifunze kusoma chumba kabla ya kukisia. Alifuma soksi kwa vijiti vyembamba mno, akahakikisha kila kitu kinaweza kuulizwa swali na kujibu. Sidhani kwamba sisi tunaojenga vibanda vya chai tuna wajibu mdogo kuliko wake. Tofauti ni kwamba wapelelezi wetu ni watu wanaopita pale kila siku, na hawahitaji mafunzo.

Baada ya mwaka huja maji, na hapa nitakaa kwa muda. Mvua ya Kisumu hushuka kwa kishindo, mara nyingi alasiri, nayo ndiyo fundi mkuu wa sura ya mitaa yetu. Tazama nyumba isiyo na gata. Maji ya paa la mabati huanguka kwa michirizi, mmoja kwa kila bonde la bati, na kwa kuwa mabonde ya bati la kawaida yameachana kwa takriban milimita 76, chini ya upenu huchimbika mstari wa vishimo vilivyopangana kwa umbali huo huo, vyenye changarawe safi ndani kwa sababu udongo laini umesombwa. Kwa skeli ya 1:35 vishimo hivyo huachana kwa milimita 2 na ushee, na ncha butu ya sindano ikibonyezwa kwenye plasta ambayo bado haijakauka huvitoa bila shida. Maji yanayoruka kutoka humo huupiga ukuta na kuacha mkanda wa matope, mweusi ikiwa nyumba iko kwenye udongo wa uwanda wa Kano, mwekundu ikiwa uwanja umemwagwa marramu. Mkanda huo hupanda hadi chini ya goti, yaani kama sentimita moja kwenye modeli, na ukingo wake wa juu hauna mstari. Hufifia kwa vitone vinavyozidi kuwa vichache. Wajenzi wengi huchafua kuta kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa miongozo wanayoisoma iliandikwa na watu wa miji yenye masizi na mawe yanayovuja chokaa. Huku kwetu uchafu mwingi wa ukuta hupanda kutoka ardhini.

Bati lenyewe lina adabu zake za kuzeeka. Zinki hufifia kwanza ikawa ya kijivu kisichong'aa, na kutu hutokea pale ilipojeruhiwa: kwenye matundu ya misumari, kwenye ncha iliyokatwa kwa mkasi, na kwenye mpishano wa bati na bati, ambako unyevu hukawia kukauka. Kutoka hapo hutiririka ndani ya mabonde kuelekea upenuni, ikiacha migongo ya bati ikiwa imefifia tu. Paa moja huwa na mabati ya rika tofauti, kwa kuwa hakuna mwenye nyumba anayebadilisha mabati yote wakati mawili ndiyo yanayovuja, na pale jiwe au gurudumu kuukuu lilipowekwa kuzuia upepo, bati huoza kwa umbo la kile kilicholilalia. Ninapoona paa lililopakwa kutu ile ile kila pembe, najua kwamba aliyelipaka alikuwa na chupa ya rangi ya kutu na hakuwa na ngazi.

Unene ni jambo linalosaliti kazi nyingi kabla hata kutu haijafika. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko theluthi moja ya milimita. Ukigawanya kwa 35 unapata kitu kisichofika sehemu moja ya mia ya milimita, ambacho hakuna mkono unaoweza kukishika. Karatasi ya alumini ya jikoni ina takriban milimita 0.016, nayo kwa skeli hiyo ni sawa na bati la zaidi ya nusu milimita. Ni nene kidogo, lakini jicho hulikubali, hasa kwa kuwa hukunjika na kupasuka kama bati linavyofanya. Katoni ya nusu milimita ni sawa na bati la milimita 17, na paa la namna hiyo lingehitaji winchi kulipandisha. Kupata mabonde, mimi huilaza karatasi hiyo juu ya kandambili kuukuu, kisha naviringisha juu yake bolti ya milimita 16, ambayo nyuzi zake zimeachana kwa milimita 2. Hiyo ni sawa na milimita 70 za kweli, karibu vya kutosha. Mistari huinama kidogo kwa sababu nyuzi za bolti zimejipinda, kwa hiyo kata kingo za bati kwa kufuata mistari, usifuate ukingo wa karatasi.

Ardhi nayo hukataa kupunguzwa. Chembe ya mchanga yenye milimita moja inakuwa jiwe la milimita 35, na ufuo wa ziwa uliotengenezwa kwa mchanga halisi wa ziwa huonekana umemwagwa kokoto za ujenzi. Chekecha kwa soksi ya nailoni, utumie vumbi linalopita. Lakini kuna mahali ambapo maumbile yenyewe hukubali kupungua, nami sijui raha nyingine inayofanana nayo katika kazi hii. Udongo mweusi wa Kano hupasuka wakati wa kiangazi na kuacha nyufa ambazo mtoto huweza kupitisha mkono. Ukubwa wa vipande hufuata unene wa tabaka linalokauka, hivyo ukiutandaza udongo ule ule kwa unene wa milimita chache juu ya ubao na kuuacha ukauke polepole, utajipasua wenyewe vipande vidogo vinavyolingana na modeli. Usiharakishe kwa jua kali, la sivyo utajikunja kingo na kubanduka kama ganda. Ukikauka, uloweshe kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, tone kwa tone kupitia nyufa, kisha rudisha rangi yake kwa unga wa chaki, kwa sababu gundi huutia weusi ambao haukuwa nao.

Maji ya ziwa hayana ukarimu huo. Wenye resini, kimiminika angavu kinachoganda na kuonekana kama maji, hupenda kuimwaga ikiwa safi ili kila mtu aone mawe waliyoyapanga chini yake, na matokeo yake ni ufuo wa Diani wa pwani uliopotelea Kisumu. Ghuba ya Winam karibu na mji ni ya kahawia yenye ukijani, na mtu akisimama ndani hadi magotini haoni vidole vyake. Rangi nzito isiyopenya mwanga, ikifunikwa kwa tabaka jembamba la vanishi ya kung'aa, husema ukweli zaidi kuliko lita ya resini, tena kwa bei ndogo. Pesa inayobaki itumie kwa mafunjo, ambayo karibu kila mtu huyafanya mafupi. Mafunjo yaliyokomaa hufika mita 4 na zaidi, yaani sentimita 11 au 12 kwa skeli yetu, mara mbili ya kimo cha mtu na ziada. Nyuzi za mkonge zilizofungwa kwenye ncha ya waya mwembamba hutoa kichwa chake vizuri.

Miti mikubwa, lazima nikiri, hailingani na meza ya mtu yeyote. Mkaratusi wa mita 30 unahitaji sentimita 86. Siwashauri watu kuufupisha mti mzima, kwa sababu unene wa shina, gome linalobanduka na ukubwa wa majani vitapingana na kimo. Ni heri kuonyesha kisiki kilichochipua machipukizi mengi, jambo ambalo mkaratusi hufanya kila ukikatwa, au kuleta kivuli cha mti ambao wenyewe uko nje ya ubao.

Kivuli kinanileta kwenye jua. Kisumu iko takriban dakika 6 kusini mwa ikweta, na kwa kuwa tunatumia saa za Afrika Mashariki ilhali tuko magharibi ya meridiani yake, yaani mstari wa longitudo unaopimiwa saa hizo, jua letu hufika kileleni karibu saa saba kasorobo mchana, wala si saa sita. Mwezi Juni hupita kaskazini yetu, Desemba hupita kusini, na mwishoni mwa Machi na Septemba huwa juu ya utosi, kivuli cha mtu kikamezwa chini ya miguu yake. Kanuni ya Ulaya kwamba ukuvu huota upande wa kaskazini wa ukuta haina mashiko hapa. Ukuvu wetu huota pale bomba linapovuja. Mjenzi anayeweka benchi la wazee kwenye ukuta wa kaskazini mchana wa Julai amewaanika wazee wake juani, na hakuna mzee wa Kondele atakayekubali.

Kijana mmoja aliniletea diorama ya ufuo wa Dunga, kazi nzuri iliyokuwa na mashua ya mbao yenye mbavu zote na jina lililoandikwa ubavuni. Alikuwa ametandaza nyavu kuukuu chini ya mti, juu yake omena iliyokatwa moja moja kutoka kwenye karatasi ya fedha. Jirani yangu, ambaye ameuza samaki maisha yake yote, alipita akainama.

"Kijana wangu, omena hii itaoza."

"Kwa nini, mama?"

"Umeanika kivulini. Halafu nani anafukuza ndege?"

Kijana alitaka kueleza kwamba mti ule ulisawazisha mandhari, upande wa mashua na upande wa nyavu, lakini mama hakuwa na habari na usawazishaji. Mti ulihamishwa upande wa mashua, ambako wavuvi wangeukalia chini wakishona nyavu, na mtoto mwenye fimbo akaongezwa kando ya omena. Kwa macho yangu mpangilio wa pili ulikuwa pia mzuri zaidi kwa sura, na hilo hutokea mara nyingi: watu na kazi zao wamekwisha kuupanga uwanja kwa muda mrefu, na mpangilio wao una mantiki ambayo jicho huihisi hata lisipoijua. Ndivyo ilivyo pia kwa boma la Kijaluo. Makumbusho ya Kisumu yana boma zima la ukubwa halisi, na yeyote anayetaka kujenga dala, yaani boma la namna hiyo, na alitembelee kabla ya kukata karatasi: nyumba ya mke wa kwanza hulitazama lango, na simba, yaani vibanda vya wavulana, ziko karibu na lango hilo. Kuzitawanya nyumba hizo ili picha ipendeze ni kuandika sentensi kwa maneno yaliyochanganywa.

Upepo sitaueleza kwa kirefu. Mchana huvuma kutoka ziwani kuelekea bara, na usiku hugeuka. Moshi wa jiko, nguo kwenye kamba, bendera ya shule na tanga la mashua lazima vikubaliane.

Wapenzi wa reli wana mtihani wao. Njia ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, mnamo Desemba 1901, nayo ni ya upana wa mita moja. Anayenunua reli za kawaida za HO (jina la skeli ya 1:87 kwa wajenzi wa treni), zenye milimita 16.5, na kuzitumia kwa skeli ya 1:87 anapata upana wa milimita 1435, kipimo kile kile cha SGR, reli mpya ya Kenya iliyoanza kazi mwaka 2017; amejenga treni ya kisasa katika stesheni ya babu yake. Njia ya mita moja katika 1:87 inataka milimita 11 na nusu, na reli za milimita 12 zinapatikana. Njia nyingine ni kubadilisha skeli na kubaki na reli: kwa 1:64, milimita 16.5 ni sawa na milimita 1056, tofauti ambayo jicho haliioni. Mataruma, yale yanayolala chini ya reli na kuibeba, ndiyo yanayoonekana. Reli za kununua nyingi zina mataruma ya mbao, ilhali huku mataruma ya chuma yalitumika kwa wingi, kwa sababu mchwa hawakuacha mbao. Nao wanaotaka garimoshi la Garratt la daraja la 59, yale 34 yaliyoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, wajue kwamba yaliundwa kwa ajili ya njia nzito ya Mombasa na Nairobi. Moja limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi na ni zuri mno, lakini uzuri wake haulipi kibali cha kusimama Kibos.

Lipo pia tatizo la kinyume, ambalo hunisumbua kuliko kutu na mataruma: ukweli unaoonekana kama uongo. Korongo mfuko shingo wa Kisumu hufika mita moja na nusu. Kwa 1:35 ni milimita 43, karibu kimo cha mtu, na mtazamaji wa mbali akimwona amesimama kando ya muuza mahindi atadhani mjenzi amechanganya skeli mbili. Kumpunguza ndege ili kumridhisha mtazamaji huyo ni ujinga. Dawa ni kumzungushia ushahidi: jaa la taka lililomvuta, mti wenye matawi yaliyopauka kwa kinyesi cheupe, ndege mwenziwe juu yake, na watu wasiomjali. Kutojali kwa watu ndiko kunakosadikisha; sanamu moja ikimkodolea macho, ndege mzima hugeuka kuwa kichekesho.

Nakuru inatoa mfano mkubwa zaidi. Tangu miaka ya 2010 Ziwa Nakuru limepanda na kumeza sehemu ya msitu wa migunga wa ukingoni, pamoja na lango la zamani la hifadhi, na miti iliyokufa imesimama majini, ya kijivu na bila gome. Mtu asiyejua akiiona kwenye diorama atasema resini ilimwagika. Namna ya kumshawishi ni kumwonyesha mpito: nyuma kabisa migunga hai yenye gome la manjano, mbele yake miti iliyoanza kupukutisha majani, kisha mizoga. Nguzo za ua ziingie majini kwa mfuatano, kila moja ikionekana fupi kuliko iliyotangulia, mpaka ya mwisho ibaki kichwa tu. Kwenye mashina ziwepo alama za viwango vya maji, mistari ya ulalo iliyo sawa kwa miti yote, kwa maana maji hayapandi mti mmoja yakauacha mwingine. Na hapo ndipo mjenzi anapolazimika kuacha jambo alilolipenda. Heroe (flamingo) wadogo hula mwani mdogo wa maji ya magadi, na maji yalipoongezeka na magadi kupungua, wengi walihamia kwingine, hasa Bogoria. Ukanda wa waridi wa kadi za posta za zamani haukai pamoja na miti iliyofia majini. Mmoja wao ni wa mwaka mwingine.

Kazi ikikaribia kwisha, huitazama kwa macho ya mkazi wake. Macho ya mtu mzima yako kama mita 1.6 kutoka ardhini, yaani milimita 46 juu ya ubao, na hakuna shingo inayofika huko, ila simu inafika: igeuze juu chini ili lenzi iwe karibu na ubao, uiegemeze kwenye ukingo, upige picha. Mengi yaliyoonekana sawa kutoka juu huanguka hapo. Paa unaloliona kila siku kwa ukamilifu huwa mstari mwembamba, na upenu ulioupuuza hujaza nusu ya picha. Zaidi ya yote huonekana miguu. Sanamu nyingi hubandikwa juu ya udongo uliokwisha kukauka, na chini ya soli hubaki pengo la nusu milimita, ambalo ni karibu sentimita mbili za hewa kati ya mtu na ardhi anayoikanyaga. Tone la gundi nyeupe lililokorogwa na vumbi la marramu, likisukumwa kwa kijiti cha meno kuzunguka kila kiatu, hulifunga. Na ikiwa mandhari ni ya baada ya mvua, pandisha tope hilo hilo hadi kwenye vifundo.